Masale Kwenye Sahani za Wakwe

Shangazi Aikande, shikamoo.

Najua leo huitikii, lakini ulinilea ukiniambia mkubwa husalimiwa hata kama amenuna. Basi nimeshakusalimia, sasa naingia kwenye habari. Ni nyingi, na nyingine zitakuchekesha mpaka ushike mbavu.

Kwanza, bustani ipo. Najua ungeniuliza hilo kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Chainizi kwenye viroba imenawiri, mnafu unajiotea wenyewe kila nikigeuza kichwa, na waridi zako bado ziko kwenye ndoo za rangi, na vitunguu katikati yake. Majirani hapa Olasiti bado wanatikisa vichwa. Bado wanakuja kuomba miche pia.

Lakini ilibaki kidogo tu isiwepo. Tangu tulipokuzika kule Nkoaranga, kaka yako, Baba mkubwa, alikuwa na wimbo mmoja: fremu. Kiwanja kiko mjini, barabara imefika, nani analima maua mjini, zijengwe fremu za maduka. Wewe hukuacha wosia ila wa mdomo, kwamba bustani ni yangu, na mimi ni mtoto wa mdogo wake, tena msichana. Kwenye kikao cha ukoo ningesema nini?

Nikamwendea kabla ya kikao. Binti yake Upendo alikuwa anakaribia sendofu, sherehe yake ya kuagwa kabla ya ndoa, na kamati ilishakubaliana kukodi maua ya plastiki. Nikamwomba anipe ukumbi niupambe kwa vitu vya bustani yako peke yake. Ukipendeza, bustani ibaki. Usipopendeza, ning'oe kila kitu kwa mikono yangu. Alicheka, Shangazi, kile kicheko chake cha kutingisha tumbo, akakubali mbele ya kamati nzima ili nisiwe na pa kukimbilia.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mlima ukafungwa na mawingu. Ikaja mvua ya mawe, ile ya kupiga bati mpaka husikii unachosema. Ilipokatika nilitoka nje nikakuta maua yote ya waridi ni vipande vipande kwenye matope. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduka nikalia kama mtoto. Baba mkubwa akapiga simu. Hakunipa pole. Alisema tu, "Plastiki haipigwi na mvua," akakata.

Nilipomaliza kulia nikakukumbuka. Nilikumbuka ile siku uliponiketisha kwenye jiwe, njiani tukipanda kwa Bibi, ukanituma nikatafute vitu vizuri ambavyo hakuna mtu anaviita ua. Nilikuletea kuvu la mtini, gamba kavu la mgomba na ganda la mbegu lililopasuka. Nilidhani utanicheka. Ulivifuma vyote kwenye kitambaa cha meza, kwa uzi wa kahawia na kijani, na kile kitambaa kikaenda kanisani, na wamama wakawa wanauliza ulinunua wapi. Ukaniambia, "Bustani haikosi kitu, Nsia. Macho ndiyo hukosa."

Basi nikaangalia upya. Vile vitunguu ulivyokuwa ukiviacha vitoe maua vilikuwa vimesimama, vichwa vyeupe vya mviringo, mawe hayakuvifanya kitu. Mchicha mwekundu ulikuwa umejificha chini ya migomba. Magamba makavu ya migomba yalikuwa yamejaa stoo. Na uzio wako wa masale, Shangazi, haukuwa na hata mkwaruzo.

Nilisuka vikombe vya magamba, nikavisimamishia maua ya vitunguu, nikaning'iniza mchicha pembeni kama shanga. Harufu ya kitunguu niliizima kwa mchaichai. Ukumbi ulipokamilika nilisimama mlangoni nikatamani uwepo, nikasema kwa sauti, "Ona!" Mlinzi akageuka kuangalia ninaongea na nani.

Kilibaki kitu kimoja, meza ya wakwe. Nilitaka iwe na chake cha peke yake. Nikachukua majani ya isale, marefu, ya kijani cha kung'aa, nikafunga kila moja fundo katikati, nikalaza moja kwenye kila sahani. Nikajisifu kweli kweli.

Sasa hapa ndipo utacheka. Wakwe wenyewe ni Wachaga wa Machame, na walikuja nyuso zimekunjwa, kwa sababu kwenye mahari Baba mkubwa aliwatukana. Walileta mbuzi, yeye akamzunguka, akamtazama, akauliza, "Huyu ni mbuzi, au mmeniletea paka mwenye pembe?" Tangu siku hiyo walikuwa hawapokei simu zake. Walikuja sendofu kwa ajili ya kijana wao tu, na Upendo alikuwa hali, halali, akiogopa ndoa itavunjika kabla haijafungwa. Baba yake alishaambiwa na kila mtu aende akaombe radhi. Unamjua kaka yako. Labda milima ikutane.

Wakwe wakaketi. Wakaangalia sahani zao. Mmoja akainua jani lake kwa vidole viwili, akamwonyesha mwenzake.

Na mimi ndipo nikaona nilichofanya. Isale lenye fundo! Mtoto wa darasa la kwanza huku kwetu anajua kwamba mtu aliyekosa hubeba isale akaombe msamaha, na kwamba anayeletewa hawezi kukataa. Hata mimi najua, umenifundisha wewe. Lakini siku mbili nzima nilikuwa naona kijani na umbo la jani, isale lenyewe sikuliona. Nilikuwa nimeuomba radhi ukoo mzima wa watu, mmoja mmoja, kwa jina la Baba mkubwa, bila yeye kujua.

Mzee wao akainuka na jani lake mkononi. MC akampelekea kipaza sauti mbio mbio, akidhani ni salamu. Mzee akauliza taratibu, "Baba Upendo, hili ni lako?"

Baba mkubwa alinitazama mimi. Ilimtosha aseme ni mapambo tu ya mtoto, amekosea, na pale pale bustani yako ingekuwa imekwisha, na pengine ndoa ya Upendo pia. Alifuta jasho. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameshikilia gauni lake kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Ni langu. Nilikosa. Yule mbuzi alikuwa mbuzi."

Ukumbi ulipasuka! Vigelegele, vicheko, wazee wamekumbatiana, mzee wa Machame anafuta machozi kwa leso ya mezani. Na walipouliza nani kapamba, Baba mkubwa alichukua kipaza sauti mwenyewe akasema, "Hiyo ni bustani ya dada yangu. Na huyu ndiye aliyefundishwa naye." Nimeshapigiwa simu na maharusi wengine tangu siku hiyo, na nikiulizwa nilisomea wapi najibu, kwa Aikande. Sina aibu, najivuna tu.

Jumapili iliyofuata Baba mkubwa alikuja Olasiti peke yake. Alikunywa chai, akazunguka bustani, hakutaja fremu. Kisha akavunja jani moja la isale kwenye uzio, akaniuliza fundo lile linafungwaje. Nikamwonyesha. Vidole vyake vinene vilikuwa vinakosea, nikataka kumfungia, akakataa. Akafunga mwenyewe, vibaya vibaya, akalitia mfukoni mwa koti, akaniambia twende Nkoaranga.

Tulipanda ile njia, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika aliniambia nibaki getini. Nilimwona akiinama kwenye kaburi lako, na alikaa pale muda mrefu. Hakuja kukuona ulipokuwa unaumwa, hata siku moja. Wewe hukuwahi kulalamika, ila kila gari likisimama nje ulikuwa unageuza kichwa. Niliyaona hayo yote. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akashika bega langu tukashuka hivyo mpaka barabarani. Kwenye kikao cha ukoo alisema bustani ni ya Nsia, na asitokee mtu wa kuizungumzia tena.

Nakuahidi, Shangazi, nitaitunza. Nitafundisha wasichana watakaotaka, kama ulivyonifundisha, kwa kuwatuma watafute badala ya kuwaonyesha. Pumzika, umefanya kazi yako vizuri, na watu wanaiona.

Ila lile jani ni la kwenu wawili, mimi siingilii. Ninachokukumbusha ni desturi tu, haliwezi kukataliwa. Kwa hiyo mjibu kaka yako, hata kwenye ndoto. Hasemi, lakini anasubiri.

Mimi wako,
Nsia