Noti za Nolasco zimeiva na ndizi

Prudensia, weka jembe chini usome hii.

Si unajua Nolasco wetu alikuwa anadunduliza amrudishie baba mdogo ada ya chuo cha ufundi? Shangazi akamshauri afukie kibubu kwenye shimo la kuivishia ndizi za kukamulia pombe ya rubisi, eti huko mwizi hachimbi.

Leo kazipeleka kwa baba mdogo, shangazi akiwa naye. Noti zote zinanuka pombe. Pombe, Prudensia.

Baba mdogo, mzee wa kanisa ambaye hata harusini anakunywa soda tu, akanusa moja. "Umezitoa kilabuni?"

Nolasco akaapa ni shimo tu. Zikaanikwa kwenye mkeka wa kahawa, mzee mwenyewe akifukuza kuku kwa fimbo.

Shangazi alipoingia ndani, mzee akamsogelea Nolasco, akanong'ona: "Na hizo ndizi, mmeshazikamua?"