Maji ya Hosiana

Kalangalala, Geita
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao. Natumaini goti limepungua kuuma, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia mwenyewe, huwagawii majirani wote wa Masumbwe. Mimi sijambo. Mjukuu wako Ritha hajambo, ila maneno yamemzidi umri, kila mgeni akiingia anamuuliza ameleta nini. Hosiana naye hajambo, habari zake nitakueleza hapo chini.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Kila nikitaja maji, unasema mtandao ni mbaya. Mama, mtandao wa huko siku hizi ni mzuri kuliko wa hapa mjini! Barua huwezi kuikata. Ukiikunja kwa hasira itakaa mezani ikikusubiri mpaka hasira ishuke.

Wala sikulaumu. Najua ulichoapa. Ulisema mke wangu akizalia majini mguu wako hautakanyaga nyumba yangu, kwa kuwa maji yalishamchukua Jilala na wewe huwezi kuja kuyatazama yakimchukua na mjukuu. Mama, siku ile kaka Jilala alipofunikwa na maji mimi ndiye niliyekuwa juu ya duara, mdomoni mwa shimo la dhahabu. Maji ya shimo la zamani yalipobomoa ukuta na kumkuta kule chini, mimi ndiye niliyewasha mota ya kuvutia maji, ikavuta mchana kutwa, na tulipomfikia alikuwa amelala kama mtu aliyechoka na kazi. Baada ya hapo nimeendelea na kazi yangu ileile ya kutoa maji kwenye mashimo ya watu, kuanzia Bugarama hadi huku Geita, lakini mwenyewe hata kuoga naoga kwa kopo. Tulipokwenda Nkome kwa wakwe, nilisimama mbali na ziwa mpaka mashemeji wakanicheka. Kwa hiyo Hosiana aliponiambia anataka kuzalia majini, tena hapa nyumbani, nilikuwa upande wako. Nilikataa kabisa, nikalala bila kula.

Lakini yule binti wa Kizinza unamjua, hagombani na mtu, ananyamaza tu mpaka unajichosha mwenyewe. Siku ya tatu ndipo aliponieleza. Alisema alipomzaa Ritha alilazwa chali, mgongo ukimuuma kana kwamba unapasuka, na muda wote alikuwa akitamani kitu kimoja tu, kurudi ziwani kwao alikokulia. Tumbo hili lilipokuwa kubwa, alipokwenda kuwasalimia wazazi wake alikaa majini hadi kifuani, na maumivu yote yakamwachia. Aliniambia kwamba kwangu maji ni kifo, na hanilaumu, ila kwake ni mahali pa kupumzika. Nikamwambia basi, tukamuulize mkunga.

Jirani yetu hapa ni Mama Generosa, mkunga mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi Mwanza kwenye kliniki moja ambako wanawake walikuwa wakizalia majini, na bado wamama wengi wa mtaa huu humwita. Yeye hakukubali kirahisi, usidhani. Alikwenda na Hosiana kliniki, akataka kujua presha, damu, na mtoto amekaaje. Alisema kwa mimba ya kwanza asingethubutu, na kwamba jambo lolote likienda kombo tunakwenda hospitali bila mtu yeyote kubishana naye, hata mimi. Akaagiza gari la Eustace, fundi mwenzangu, lilale uani kwetu likiwa limeelekezwa getini.

Kazi yangu ikawa kutafuta chombo. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao nauandika nikiona aibu. Kuna jamaa wa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, alikuwa na nusu ya simtanki, lile tanki la plastiki la maji, pana, imara, akanipa bure. Niliisugua kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ikang'aa. Nikamwita Mama Generosa aje aone, nikisubiri sifa. Akaniuliza ilikuwa na maji gani. Nikamwambia kwa majivuno kwamba ilikuwa ya kuoshea dhahabu. Akauliza tena, taratibu, kama wale jamaa wanatumia zebaki.  Sote tunaoishi kwenye machimbo tunajua zebaki inavyomfanya mtu, mikono kutetemeka na akili kupotea, na mimi nilitaka kumlaza mke wangu humo! Mama Generosa alisema hata nikisugua mpaka Krismasi hatamruhusu mtoto aguse chombo kile. Nilikikatakata kwa msumeno vipande vidogo, asije mtu akanyweshea hata mbuzi.

Nikaenda dukani nikanunua simtanki jipya, lenye karatasi ya kiwandani, nikalikata katikati. Najua hapo umeshika kichwa. Hata muuza duka alitoka nje kunitazama akidhani nimerukwa na akili. Ukingo niliupiga msasa, kisha nikachana mpira wa pampu kwa urefu nikauvika kuzunguka pembeni, usimkwaruze. Hosiana akasema anaona nimeanza kufanana na fundi. Na majirani walivyocheka! Walisema Masele maisha yake yote anatoa maji, leo ndiyo anayaingiza.

Ijumaa tulijaribu. Tulichemsha maji ya bomba, tukayapoza, Mama Generosa akapima kwa kipimajoto halafu akatumbukiza kiwiko kwa sababu anakiamini zaidi. Hosiana akaingia na kanga yake. Mama, yule mtu alikuwa akitembea amejishika kiuno wiki nzima, lakini alipoketi mle uso wake ulibadilika ukawa wa msichana. Tumbo likaelea. Mtoto akaanza kucheza, nikaona kisigino kikipita chini ya ngozi toka upande huu hadi ule, polepole, kikasimama, kikarudi. Nilimwita Mungu kwa sauti. Miaka yote hii nimekuwa nikiona mimba barabarani, na Ritha pia nilimwona tumboni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mle ndani mtu anaishi kwenye maji, analala humo, anageuka humo, na hafi.

Sasa Mama, kama umesimama tafuta kiti. Nimekupa habari za maandalizi kirefu kwa sababu niliogopa kufika hapa. Mtoto ameshazaliwa. Amezaliwa jana mchana, watu wakitoka ibada ya pili, na amezaliwa majini.

Na si hilo tu. Kwetu mwanaume husubiri nje na wenzake mpaka aitwe, na ndivyo nilivyokuwa nimepanga, nikae uani na Eustace. Lakini nilipopeleka ndoo ya mwisho, Hosiana alinishika mkono na hakuuachia. Nikapiga magoti pembeni ya tanki. Sikujua kama mwanamke anafika mbali namna ile, Mama. Alikuwa ananishika lakini hakuwa nasi, alikwenda mahali peke yake akarudi, akaenda tena akarudi, na kila akirudi alikuwa na nguvu nisizojua anazitoa wapi. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua radhi ya nini. Nilikuwaza wewe, ulivyokwenda huko mara sita, na sisi tunakusalimia asubuhi kama mtu wa kawaida.

Kichwa kilipotokeza Mama Generosa aliniambia nikunje mikono ya shati niingize mikono majini. Nikaingiza. Mwili mzima ukamtoka Hosiana ukaja kwenye viganja vyangu, laini, na ulikuwa bado chini ya maji. Macho yalikuwa wazi yakinitazama. Halii, hapumui, kimya kabisa. Mimi mtu aliye chini ya maji kimya namjua ni mtu gani. Nilipiga kelele, nikataka kumnyakua, na Mama Generosa akaweka mikono yake juu ya yangu, akasema nimwinue taratibu, bado anapata pumzi ya mama yake kupitia kitovu. Nikamwinua. Uso ukatoka juu ya maji, akakunja sura, akavuta pumzi, akalia.

Nimemtoa mtu majini, Mama, na alikuwa hai. Nililia kuliko mtoto. Mpaka sasa nikiandika naitazama mikono yangu na siamini kama ni ileile.

Ni wa kike, ana uzito mzuri, ananyonya kwa fujo. Hosiana ameketi kitandani anakunywa uji na anakusalimu sana, anasema hakukusudia kukuvunjia heshima. Jana Mama Generosa alimpangusa mtoto kwa taulo tu, na leo asubuhi alikuja kumwogesha. Nimemkatalia. Nimemwambia mtoto huyu ana bibi, na kwetu bibi ndiye anayemwogesha mjukuu mara ya kwanza. Amekubali kusubiri, ila amesema tusimsubirishe mtoto siku nyingi. Barua hii anakuletea Edson, konda wa basi, na basi lake litapita hapo kurudi huku saa nane mchana.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na uniombee radhi kwao kwa kutokuja tangu mavuno. Kuku wangu usiwachinjie wageni.

Najua uliapa, Mama, na sina uwezo wa kukuondolea kiapo. Ila mimi nilikuwa naogopa kama wewe, na nimeingiza mikono. Beseni liko tayari, maji yake hayafiki hata kwenye kifundo cha mkono wako, na mtoto bado hajaogeshwa.

Ni mimi mwanao,
Masele