Tano na ya Nyongeza

Dada yangu Hawa,

Anza kwa kunionea wivu. Katika Koboko yote hii, kuanzia sokoni mpaka barabara ya mpakani, hakuna mwanaume mwenye bahati kama mimi. Mtu aliyeishia Primary Five, dereva wa lori aliyelala juu ya magunia ya vitunguu kutoka Ariwara mpaka Juba, leo anaitwa mwalimu! Baraza lako limejaa watoto. Wengine nawarudisha, hakuna pa kukanyaga. Wewe ulisoma miaka yote ile kule Arua ndipo wakakuita "madam". Mimi cheo kimenifuata nyumbani kama kuku wa jirani.

Nakuandikia nimesimama. Siku hizi kukaa kumenishinda. Naandika mstari mmoja, natoka nje, naangalia barabara, narudi. Boda boda ikipunguza mwendo tu, kalamu chini.

Unakumbuka siku ulipohama Arua? Ulikuwa umegombana na mkuu wako wa shule juu ya madawati. Yeye alitaka watoto wa miaka minne wakae kwa mistari, waimbe a-e-i-o-u kama paredi. Ukamwambia mbele ya walimu wote, "Mtoto hasomi kwa makalio." Kisha ukafunga mizigo. Watu wanahama na vitanda na masufuria. Wewe ulihama na magunia ya vizibo vya chupa. Na aliyeviokota ni nani? Mimi. Mwanamke wa mtandio kama wewe hawezi kuingia baa, basi ukanituma nizunguke baa za Arua nikiinama chini ya meza, walevi wananipa pole wakidhani nimerukwa na akili.

Njiani polisi wakasimamisha lori letu. Askari mmoja akakodolea macho gunia.

"Hii muzigo iko ya nini?"

"Ya shule, afande," ukajibu.

"Vizibo ya bia iko ya shule?"

"Ndiyo. Ni hesabu."

Akakuangalia wewe, akaangalia mtandio wako, akaniangalia mimi. "Pita," akasema. "Lakini huyu dereva apulize hapa kwanza, nimunuse."

Ulicheka mpaka Koboko. Hata harufu ya bia kwenye magunia hukuisikia.

Ukafungua darasa hapa barazani kwa baba. Wakaja watoto wa Wakakwa, wa Walugbara, wa wageni wetu kutoka Sudan Kusini, kila mmoja na lugha yake mdomoni, wanatazamana kama mbuzi wa mazizi tofauti. Hukuwaambia "kaeni kimya". Uliwapa maji, vikombe na jerikeni. Kabla ya saa sita walikuwa wanagombana vikombe vingapi vinajaza jerikeni, na kugombana, dada, hakuhitaji mkalimani. Uliwatuma nje wakalete majani, wayapange kutoka fupi mpaka refu. Uliwafanya waandike kwa kidole kwenye mchanga, maana mchanga haumwaibishi mtu: ukikosea, unafuta kwa kiganja, dunia haijui.

Mimi nilikuja kula chakula cha mchana na kukucheka. "Dada, wazazi wanalipa ada ili watoto wacheze matope?" Ulinipa donge la udongo ukasema, "Finyanga jina lako." Nikafinyanga. Ile J yangu ikaangalia upande mbaya. Katoto kamoja kakaja, kakaigeuza, kakaenda zake bila hata kunisalimia. Mimi, mtu niliyeonja samaki wa Kisangani!

Ulipoanza kuumwa sikutaka kuona. Nilijitafutia safari. Mara ya mwisho uliponishika mkono hukuniusia nyumba wala shamba. Ulisema tu, "Juma, watoto usiwafungie mlango." Basi nimeliacha lori. Tajiri wangu bado anadhani natania.

Sasa sikiliza mchezo niliouvumbua mwenyewe. Soko. Maboksi ya sabuni ndiyo meza, vizibo vyako ndiyo nyanya, mafungu yamepangwa vizuri, muuzaji anaita wateja, mnunuzi analalamika bei. Ningekuwa na cheti ningepandishwa cheo! Watoto waliokuwa hawajui mbili na tatu wakawa wanahesabu kwa sauti mpaka majirani wanachungulia.

Ila kulikuwa na jambo moja, na lile ni letu sisi. Soko la hapa, ukinunua fungu bila kuongezewa, umetukanwa. Watoto wanajua hilo tangu mgongoni kwa mama zao. Kwa hiyo kila fungu la tano liliondoka na nyongeza juu yake, nami niliona raha, sikuona hatari.

Unamjua Sajenti, yule mzee mstaafu wa jeshi mwenye mjukuu aitwaye Asiya. Siku moja jioni alimpima mtoto kwa maharage nyumbani. "Leta tano." Asiya akaleta sita. "Nimesema tano!" Akaleta tena sita. Kesho yake asubuhi Sajenti alikuwa barazani kabla sijafagia.

"Juma! Hii shule iko ya kitu gani? Mutoto anasema tano iko sita!"

"Sajenti, karibu chai."

"Chai iko ngapi? Tano ao sita?"

Akawaita wazazi wote. Ijumaa baada ya sala wakaja, na neno lilikuwa moja tu: darasa la Hawa liendelee, au watoto wahamie ile shule mpya ya kando ya barabara yenye madawati na penseli. Niliandaa hotuba, nikaisahau. Nikasema, "Kaeni chini, tucheze." Nikamwambia Sajenti awe mnunuzi. Asiya akakaa nyuma ya boksi na vizibo vyake.

"Nyanya tano," akaamuru Sajenti.

Asiya akahesabu taratibu, akaweka sita.

"Mumeona? Mumeona?"

"Babu," akasema Asiya, "tano hizi hapa." Akazisogeza pembeni, moja moja, akigusa kila moja. "Hii moja si ya hesabu. Ni ya wewe kurudi tena kwangu."

Wakaguna. Mama Keji, anayeuza nyanya sokoni tangu alipovuka kutoka Yei, akapiga makofi. "Lakini Sajenti, wewe mwenyewe kwa meza yangu unaombaga nyongeza mbili! Leo unashitaki mutoto?"

Kicheko! Sajenti mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia. Walicheza saa nzima, watu wazima, wakigombania vizibo. Nilitamani uone. Nilijiambia, Hawa, nimeshinda.

Wakati wa kuondoka Sajenti alinishika bega, kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha. "Juma, umenichekesha sana. Na mutoto iko na akili, nimeona. Lakini intavyuu ya kuingia Primary One, pale hawacheki. Pale wanatoa karatasi."

Nimewaza: labda saa moja ya penseli kila siku, baada ya udongo? Asiya anaweza kufinyanga jina lake lote, ila akipewa penseli anaishika kama mwiko wa ugali. Wewe ungejua la kufanya. Wewe ulikuwa na maneno ya walimu na ukali wa mama. Mimi nina utani tu, na utani unawapendeza watu mpaka mlangoni. Wakati mwingine nakukasirikia, dada. Uliwezaje kuniachia kitu kizuri hivi, mtu kama mimi?

Leo nimeosha vizibo vyote, nimevianika. Mchanga nimeuchekecha. Kesho nafungua kama kawaida, na penseli nimenunua pia, usinune huko uliko. Mungu akulaze pazuri, penye nafasi ya kuchezea.

Na ile bahati niliyojisifia, dada, ni uongo. Baraza halijajaa. Wengine wamehamia kule kwenye madawati; wamebaki watoto wanne, na wawili nimewazaa mimi.

Mdogo wako,
Juma