Nyama ya Bei ya Kutupa

Jumatatu, 19 Aprili

Chai bila sukari, tena. Kisha mgodini, kukaa. Mashine zimesimama, na mhandisi aliyepaswa kunifundisha anashinda akitazama dirisha. Mafunzo kwa vitendo, wanaita chuoni Dar. Vitendo gani? Posho haijafika. Naichukia Kolwezi, mji huu wa migodi ya shaba, vumbi lake, na jinsi kila mtu anavyoniuliza nitarudi lini kwetu.

Kinachoniweka hai ni Mama Ngalula, mjane anayeishi nyuma ya nyumba ninamopanga hapa Kapata. Anauza chakula uani kwake. Bukari, yaani ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, ya mawese. Sahani moja nashiba mpaka kesho. Kila siku ananiuliza kama mama yangu kule Kigoma anajua nimekonda. Ananiudhi. Kila siku narudi.

Jumatano, 21 Aprili

Mwenye nyumba wangu, Tata Kabange, karani, mtu wa kaskazini ya mkoa huu, kaniita sebuleni. "Usiende kula tena kwa ule mama. Ni mutu ya Kasai. Barudie kwabo."

Nikamwambia Mama Ngalula amezaliwa Musonoi, hapo jirani tu. Akasema baba yake aliletwa na wazungu kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuchimba shaba, kwa hiyo si wa hapa. Mimi nimekuja juzi na pasi ya kusafiria, nimepewa kitanda na karibu nyingi. Mkewe akadakia kwamba watu wa Kasai ndio waliokula kazi zote. Kazi zipi? Mgodi umekufa, hata yeye anajua. Nilinyamaza kwa sababu sina pengine pa kulala.

Mchana nilikwenda kula kulekule. Nilipitia uchochoroni.

Jumamosi, 24 Aprili

Vijana wamepita na marungu, wanaimba. Wamevamia nyumba za watu wa Kasai tu, na walizijua zote, hawakuhitaji kuuliza. Mama Ngalula ametoka na watoto wake, godoro kichwani, kuelekea stesheni. Alipita mbele ya dirisha langu. Sikutoka. Niliogopa, basi.

Jioni nina njaa na hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Jumatatu, 26 Aprili

Nyama.

Jana mbuzi, leo bata. Mtaa mzima unanukia mafuta. Wanaofukuzwa hawawezi kupanda treni na mifugo, wanauza njiani kwa bei yoyote. Kuku, cherehani, milango. Hata mimi na visenti vyangu nimenunua tetea mnene, nimemfunga mguu nyuma ya nyumba. Aliyeniuzia hakunitazama.

Mke wa Kabange anajua kupika, lazima niseme. Bata alikuwa laini, mchuzi mzito, vitunguu tele. Tangu nitoke nyumbani sijala hivi. Nikaomba nyongeza, nikapewa paja. Nikalegeza mkanda.

Ndipo Tata Kabange akasema, huku anachokoa meno, "Huyu bata alikuwa ya Mama Ngalula. Alimuacha. Tungefanya je, afe na njaa?"

Wakacheka, yeye na mkewe. Paja lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikalimaliza. Najichukia zaidi ya ninavyomchukia yeye, na yeye namchukia sana.

Alhamisi, 29 Aprili

Stesheni wanasema treni haijaja. Watu wanalala chini, wanaharisha, watoto wanazikwa nyuma ya reli. Kabange anasimulia haya kana kwamba anasoma hali ya hewa.

Nikamwambia Jumapili nitampelekea Mama Ngalula chakula. Akasema anayelisha wale akalale nao. Hakupandisha sauti. Mkewe akaliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango.

Sawa. Mawe matatu yapo.

Jumapili, 2 Mei

Nimemchinja tetea alfajiri, nikampika uani, na bukari pia. Mara yangu ya kwanza kupika bukari ya watu wengi. Ilikuwa na madonge. Kabange alikuwa mlangoni amekunja mikono. Begi langu alikuwa ameshalitoa nje.

Stesheni watu ni wengi kuliko mahali. Nimemkuta Mama Ngalula kando ya ghala, kwenye kipande cha sementi alichokizungushia mawe, amekifagia. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa wima, wanaitazama sufuria. Nilitaka kuiweka chini na kuondoka haraka. Hakuniruhusu. Alimtuma binti yake mkubwa maji, akaninawisha mikono mwenyewe.

Kisha akapakua. Sahani ya kwanza yangu.

Nikasema waanze watoto, nimewaletea wao. Akatikisa kichwa. "Uko kwangu. Mugeni anakulaka mbele."

Nikamuuliza wataenda wapi, treni ikija. "Banasema kwetu. Mi siyafikaka Kasai hata siku moja."

Akachagua firigisi, anayopewa baba wa nyumba, akaiweka juu ya bukari yangu. Nikakataa. Akaendelea kunishikia sahani. Watu wa jirani walikuwa wakitazama. Nikaipokea.

Nilikula. Chumvi ilizidi. Watoto walingoja mpaka nilipoweka sahani chini, ndipo wakanawa mikono.