Baba, Nimekuona Ukutani Scotland

Baba yangu mpenzi,

Nimekuona Scotland. Nimesharudi nyumbani Tooting, nimefua, nimepika, nimerudi kazini, na bado fikra zangu ziko kule. Tangu tukuzike nilidhani nayajua yako yote. Ulikuwa mtu wa maneno machache, lakini hukuwa mtu wa siri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu.

Salma, mjukuu wako, ndiye aliyenipeleka. Amepata kazi Edinburgh, na aliposikia sauti yangu imenyong'onyea kwenye simu akaniita nikapumzike kwake. Unamjua: Kiswahili anakisikia vizuri, lakini atakujibu Kiingereza mpaka kiama. Akanambia tutaifuata pwani kwa gari, kila mji una makumbusho yake ya mambo ya bahari. Nikacheka. "Babu yako alikuwa baharia," nikamwambia, "na hakutaka hata kutupeleka Brighton." Si kweli, Baba? Watoto wenzangu wakienda kuchezea mchanga, wewe ukisema upepo wa bahari unakuumiza kifua.

Tukaanza na mnara wa taa uliogeuzwa makumbusho, ngazi zake zikanimaliza magoti. Mji wa pili tukaona machusa ya kuchomea nyangumi, marefu kuliko mlango wa nyumba yetu, na picha za wanawake waliokuwa wakipasua samaki bandarini, vidole wamevifunga matambara kisu kisiwakate. Salma anapiga picha kila kitu. Mie natafuta pa kukaa.

Mji wa tatu makumbusho yake ni kanisa dogo la zamani, hapo hapo gatini. Ndani kuna makoti ya mpira, kamba, na picha za boti ya uokozi ya mji ule. Mama mmoja wa makamo ya Shangazi Zuwena, nywele nyeupe, alikuwa mlangoni anakaribisha wageni. Nilipita mbele ya picha moja kubwa, nikarudi nyuma. Wanaume wamepangwa gatini, wamefunikwa mablanketi, nywele zimewaganda kichwani. Wa mwisho kushoto ni wewe. Kijana, umekondeana, macho hayaangalii kamera. Nilikujua kwa lile sikio lako lililokunjika juu.

"Salma," nikasema, "njoo unisomee hapa." Macho yangu yalikuwa yanaona, lakini kichwa kilikataa.

Akasoma kwa sauti. Meli ya mizigo ilipasuka kwenye miamba wakati wa dhoruba ya baridi, na watu wa mji wakatoka na boti yao kuwaokoa mabaharia. Miongoni mwa waliookolewa walikuwamo ndugu wawili kutoka Zanzibar. Mmoja wao hakufika asubuhi.

"Mama," Salma akaniuliza, "babu si alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume? Yule aliyekwenda Canada?"

Nikakaa chini, pale pale sakafuni.

Ami Seif, Baba. Mdogo wako. Mlitoka Unguja pamoja baada ya Mapinduzi, mkapata kazi melini, na ulitwambia mliachana hapa London. Yeye akaenda zake Canada, akaoa huko, akawasahau watu wa kwao. Hayo ndiyo niliyokua nayo. Bibi, mpaka anakufa, hakuna mtu aliyetoka Uingereza akaingia nyumbani kwake asiulizwe, "Seif wangu hamjamwona?" Shangazi Zuwena alikuwa akimwapiza mbele za watu: mwana gani huyu, hana hata salamu kwa mama yake. Mama naye, Mungu amrehemu, alikuwa akimtaja kila akitaka mfano wa mtu asiye na haya. Na wewe unasikia. Nakumbuka siku moja tunakula, Mama kamsema Ami Seif maneno mazito, ukanyanyuka na sahani yako bado ina wali, ukaenda jikoni ukaiosha. Nilidhani umeshiba.

Yule mama wa mlangoni akaja mbio na gilasi ya maji. Nikamwonesha picha. "Huyu ni baba yangu," nikamwambia.

Akaniangalia usoni. Kisha akasema, "Wewe ndiye Maryam?"

Baba, mwanamke ambaye sijapata kumwona maishani mwangu analijua jina langu! Jina lake Jean. Baba yake ndiye aliyekuwa nahodha wa ile boti ya uokozi. Kanambia walikulaza nyumbani kwao, yeye akiwa msichana bado, na kila mwaka baridi ikianza ulikuwa ukirudi kuwatembelea. Ile safari yako ya kila mwaka, uliyotwambia ni ya Cardiff, kwa rafiki yako mliyefanya kazi pamoja! Mama akikuokea mkate wa kumimina umpelekee. "Ule mkate mtamu wa mchele," Jean akasema, "tulikuwa tukiugombania." Kisha akauliza, "Na yeye hajambo? Tulidhani amechoka na safari."

Ikabidi mimi ndiye nimwambie umefariki. Akashika meza. Tukalia pamoja, watu wawili tusiojuana, wageni wakitupita na kamera zao.

Alifunga mlango wa makumbusho akatupeleka mwenyewe makaburini, juu ya mji. Njiani akanihadithia. Mlitolewa majini wote wawili mkiwa hai. Ami Seif alifia mikononi mwako jikoni kwao, mbele ya moto, unamsugua miguu. Hukukubali mtu mwingine amguse. Ulimwosha wewe, na baba yake Jean akakushikia ndoo. Ukaomba shuka jeupe, mama yake akatoa la kitandani kwake. Ukauliza kibla kiko wapi, hapana aliyejua unasema nini, mpaka yule nahodha akaenda kung'oa dira ya boti akakuletea. Makaburi yote pale yametazama upande mmoja, Baba. La Ami limekwenda upande wake.

Jiwe limeandikwa Seif, baharia, wa Zanzibar. Majani yamekatwa. Kumbe wameendelea kulitunza hata baada ya wewe kuacha kuja.

"Kwa nini hakutwambia?" nikamuuliza Jean. Sikumuuliza kwa wema. Nilimuuliza kama vile kosa ni lake.

"Alimwambia baba yangu kuwa mama yao hakutaka yule mdogo aondoke," akanijibu. "Yeye ndiye aliyemwombea ruhusa. Alimwahidi mama yake atamrudisha."

Nimesoma Fatiha. Salma kasoma na yeye, ulimi wake mzito, lakini kasoma mpaka mwisho. Kisha nikasimama pale na upepo ule uliokuwa ukikuumiza kifua, na sikujua nikulilie au nikugombeze. Bado sijui. Ulimwacha Bibi na tumaini, labda uliona hiyo ndiyo huruma. Lakini ulituacha tumchukie mtu aliyekufa hana hatia yoyote, mtu aliyekuwa hata ndevu hazijamjaa. Na wewe mwenyewe ukakaa kwenye kiti chako ukasikiliza akitukanwa, mwaka baada ya mwaka, mdomo umeufunga. Uliwezaje?

Niliporudi London nikampigia Shangazi Zuwena, Unguja. Niliogopa moyo wake, umri ule. Nikamweleza pole pole.

"Kamwosha nani?" akauliza.

"Baba."

"Peke yake?"

"Kulikuwa na mzee mmoja kamshikia ndoo."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mama alikuwa mtu mzima, nafahamu kwa nini alimficha," akasema. "Lakini mie je? Miaka yote hii nimemwapiza maiti, Maryam. Badala ya kumwombea nimemwapiza."

Hilo ulikuwa wa kulijibu wewe, Baba.

Ijumaa iliyofuata wakamsomea hitma Unguja, nyumba imejaa. Shangazi kasimama mbele ya majirani wote akawaambia aliyoyasema juu ya nduguye hayakuwa kweli, wamsaidie kumtaka radhi. Sasa amemtuma mtoto wake akamshughulikie pasipoti. Anataka kuja mwenyewe. Nimemwambia kuna baridi, kuna ngazi, safari ndefu. Hasikii. Jean keshasema chumba kiko tayari.

Jana amenipigia tena. Anadhani kila niendapo kaburini kwako huwa nazungumza na wewe, na kweli huwa nazungumza. Akanipa maneno nikuletee. "Yule kaka yangu mwongo," kasema, "mwambie nimemsamehe. Lakini mzigo ule angalinipa na mie nikambebea."

Haya, nimefikisha. Lala salama, Baba, wewe na mdogo wako.

Mwanao,
Maryam