Maombi ya Kufungua

Wakiuru uko? Munyao ameisha kabisa.

Si unajua vile amebembeleza makarani wa kura mwezi mzima waje waandikishe wanafunzi hapa chuoni? Leo wamekuja. Uwanja ukajaa. Akampa pasta maombi ya kufungua.

Ya kufungua tu, Wakiuru!!

Pasta akaanzia kwa Adamu. Munyao kufungua jicho moja, makarani wanapakia mashine kwa gari, wanangojwa kituo kingine, huko Tulia. Na nani atamkatiza mtu akiomba? Maskini akabaki hapo mikono juu, machozi yanamtoka.

Gari ikitoka geti ndio pasta anasema, "Bwana, wape vijana hawa moyo wa kujiandikisha!"

Tukasema Amina. Kwa nguvu.

Saa hii amempa Munyao maiki, ati afunge na maombi.