Miguu ya Nkeshimana

Kambini, njia ya Lusahunga
Februari 1996

Dada yangu mpendwa Deodata,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Xavery na watoto, na kwamba mvua za huko Ngara zimewaachia walau maharage ya kuonja. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mengine utayakuta humu ndani. Barua nimempa Faustini anayekuja kuuza chumvi huko kwenu siku za gulio, nikamwambia aikabidhi mkononi mwako, si kwa shemeji wala kwa mtoto. Isome peke yako ukiwa umekaa. Mwishoni nina swali moja. Jibu lake ndilo litakaloamua kama nitaendelea na kazi hii au nitarudi kushika jembe, na hakuna mwingine wa kunijibu ila wewe.

Najua nyumbani mnanicheka. Nimeletewa habari kwamba shemeji anasema Zita amekwenda kusomea unesi wakati meno yameanza kumtoka. Mwambie meno yapo yote, na akija huku nitamchoma sindano ajionee. Lakini ana haki ya kucheka. Hata mimi nilipofika hapa nilikuja kuomba kazi ya kufagia. Walikuwa wanatafuta watu waliomaliza darasa la saba, wanaojua Kiswahili na wanaosikilizana na wakimbizi wa Kirundi. Nilipowasemesha wagonjwa wawili watatu kwa Kihangaza chetu na wakanijibu bila kuuliza mara mbili, nikaambiwa niache ufagio na niingie darasani.

Darasa lenyewe ni turubai na mabenchi. Wenzangu ni mabinti. Mwanzoni waliniita mama, kisha wakaniita bibi walipoona siwezi kusoma kipimajoto mpaka nikipeleke mbali na macho. Sindano ya kwanza nilichoma chungwa. Ya pili nilimchoma Anneth, binti wa Nemba, na tangu siku hiyo nikikaa upande huu yeye anahamia ule. Usiku nilikuwa narudia majina ya dawa kama mtoto anayejifunza sala. Nilifurahi, dada. Sijui kama nimewahi kukwambia hivyo kuhusu jambo lolote. Nilifurahi kwa sababu kwa mara ya kwanza nilifundishwa kitu ambacho mwisho wake si kaburi.

Mkuu wetu ni nesi Joan, mwenyeji wa Biharamulo, mdogo sana kwangu kwa umri lakini akikutazama unasimama wima. Siku ya kwanza alimuuliza kila mmoja alikuwa akifanya kazi gani. Mwingine akasema alikuwa akiuza mitumba, mwingine alikuwa akishona. Mimi nikasema nilikuwa mmoja wa akina mama wa kigango wanaoosha maiti, kazi niliyofundishwa na dada yangu. Joan akasema vizuri, huyu hataogopa uchafu. Kisha akasema kwamba mikono ya mtu mzima imeshajua mambo yake, na kabla ya kujifunza mapya lazima kwanza isahau. Alisema na sisi sote, ila macho yake yalikuwa kwangu.

Kusahau ndiko kulikonishinda. Unakumbuka ulivyonifundisha: tunaanza miguuni tunapanda juu, hatumtaji kwa jina, na kabla ya yote tunabonyeza unyayo kwa kidole gumba tuone kama damu inarudi. Kwa wagonjwa ni kinyume. Unaanza usoni, unamwita jina, unamuuliza kama maji ni ya moto mno. Maiti hashtuki. Mgonjwa ukimwekea kitambaa anashtuka, na mimi kila aliposhtuka nilishtuka kuliko yeye. Na mara nyingi, bila kujua, nilijikuta nimechuchumaa miguuni. Wagonjwa ambao ni wazee waliona. Wao kule Burundi, ng'ambo ya mto, wanaosha maiti kama sisi. Kuna bibi mmoja alivuta miguu akaificha chini ya blanketi, akamwomba Joan amletee nesi mwingine, mmoja wa wale wasichana wasiojua kitu.

Mvua zilipoanza kikaingia kipindupindu. Sitakusimulia yote. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini, na sakafu yote inanuka klorini mpaka macho yanachuruzika. Amri ya Joan ilikuwa moja: ukiona mgonjwa amekata roho usimguse, mwite yeye kwanza. Baada yake wanakuja vijana wa kupuliza dawa, maiti inafungwa kwenye plastiki, inazikwa siku ile ile. Hakuna kuosha. Akina mama wa Kirundi walilia kwa ajili ya hilo kuliko walivyolilia kifo chenyewe. Na mimi, nakiri, liliniumiza. Kila plastiki iliyotoka mlangoni niliona kama tumemtoa mtu nje bila nguo.

Ndipo akaletwa Nkeshimana. Ni seremala, mtu mrefu, miguu yake ilipita mwisho wa kitanda. Mkewe Ildefonsa alimfikisha akiwa mgongoni mwa jirani. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga turubai hata ukipiga kelele husikiki, na Joan alikuwa hema la pili na watoto. Nikapita kwa Nkeshimana. Macho yalikuwa yamezama, mdomo wazi. Nikashika mkono kutafuta mshipa, hakuna kitu. Nikamshika unyayo, dada, ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikabonyeza. Pale nilipobonyeza pakabaki peupe, na pakaendelea kuwa peupe.

Nilipaswa kumwita Joan. Badala yake nilimwangalia Ildefonsa aliyekuwa amesimama nje ya kamba, maana ndugu hawaruhusiwi kuingia, nikaona anajua plastiki inakuja. Nikasema moyoni, huyu mmoja tu. Nikachukua beseni na maji yaliyokuwa yamepashwa kwa ajili ya wagonjwa, nikaanza miguuni. Nikamfunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa utepe wa bandeji. Nikapanda magotini, kiunoni, kifuani, naimba chini chini ule wimbo wa kigango kama tulivyozoea. Mimi mwenyewe sikusikia sauti yangu kwa mvua. Nilikuwa nafika shingoni nilipoona viatu vya Joan vimesimama kando ya beseni.

Alinigombeza, na nilistahili. Lakini huku ananigombeza alikuwa tayari amevaa kile kipimo cha masikioni, maana yeye haandiki kwamba mtu amekufa mpaka asikilize. Akainama. Akanyoosha mkono tuache hata kupumua, akasikiliza muda mrefu kiasi kwamba vijana wa dawa walianza kutazamana. Kisha akapiga kelele aletewe dripu, moja mkono huu, moja ule. Maji yakaingia kwenye yule mtu kama yanavyoingia kwenye shamba lililopasuka. Jioni alifungua macho. Kitu cha kwanza alichotazama ni vidole vyake vya miguu vilivyofungwa pamoja, na akaelewa.

Joan alinieleza polepole, bila dharau. Alisema ugonjwa huu unakausha maji mpaka mwili unapoa, mshipa wa mkononi hausikiki, na damu hairudi ukibonyeza, lakini moyo ndani bado unakwenda. Alisema lilikuwa kosa la mwanafunzi, nisilirudie. Nikaitika ndiyo. Ndani yangu sikukubali. Nilijiambia: miguu mingapi umeshika, Zita, na lini umekosea? Yule alikuwa maiti. Kama amerudi, amerudi, hayo ni ya Mungu na dripu zake. Nilipofikiri hivyo niliweza kulala.

Na si mimi peke yangu niliyefikiri hivyo. Nkeshimana alipona, akarudi kwenye hema lake, akakuta blanketi lake limewekwa nje. Ildefonsa alikuja kwangu akilia. Alisema anampenda mumewe, lakini mumewe ameoshwa, yeye mwenyewe aliona kwa macho yake, na mtu aliyeoshwa halali tena na mke. Chakula alimwekea kwenye gogo mbali kidogo, akageuka bila kumwita. Bombani watu walimpisha, wakaacha ndoo zao. Akisalimia, hawaitikii, maana nani anaitikia salamu ya mfu? Watoto wake walikuwa wanamchungulia kwenye tundu la turubai. Dada, nimeona watu wakitengwa, lakini sijaona mtu anayetengwa kwa heshima namna ile. Wanawake walimpigia ishara ya msalaba akipita.

Kwa hiyo akawa anakuja kwangu. Kila siku anasimama mlangoni mwa wodi, ananisalimia, namwitikia, anaondoka. Nilimwitikia kwa sababu nilimwonea huruma, lakini nywele zilinisimama. Juzi nilikuwa napanga glovu, mvua ilikuwa imekatika, nikasikia wimbo mlangoni. Ulikuwa ule wetu wa kigango. Yeye ni mlokole wa huko kwao, si Mkatoliki, na wimbo ule sijausikia kambini hata mara moja. Aliimba chini chini, akafika katikati ya ubeti wa pili, akakata. Pale pale, dada. Pale nilipokata mimi nilipoona viatu vya Joan.

Nikamuuliza ameupata wapi. Akasema kwa utulivu kabisa kwamba ameupata kwangu. Alisema alisikia maji yakimiminwa. Alisikia ninavyoanza miguuni, akajua ninachofanya, akataka kuniambia kwamba maji yana joto zuri na yeye bado yupo, lakini mdomo haukuwa wake. Alisema hakuogopa sana mpaka nilipofunga vidole. Akaniuliza kama nina la kumwambia. Niliomba ruhusa kwa Joan nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Jana nilifanya nilichoweza kwa ajili yake. Nilichukua beseni nikaenda mpaka hemani kwao mchana kweupe, majirani wote wakiangalia, nikamketisha Nkeshimana kwenye gogo lake. Nikaanza usoni. Nikamwita kwa jina kwa sauti, nikamuuliza kama maji ni ya moto mno, naye akajibu kwa sauti kwamba yanafaa. Nikashuka mpaka miguuni nikimwita na yeye akiitika. Nilipomaliza, mtoto wake mdogo alitoka hemani akamshika goti. Ildefonsa alichukua muda, lakini blanketi aliliingiza ndani. Joan alisikia habari hizo, akaniita. Nilidhani ananifukuza, kumbe anataka kupeleka jina langu niende Biharamulo kwa mafunzo marefu, nitoke huko na cheti. Nimemwomba anisubiri mpaka nipate jibu lako.

Sasa swali lenyewe. Ni kuhusu mama.

Mama aliondoka kwa kuhara na kutapika, siku moja tu, na sisi tukasema ni tumbo. Tulimwosha wawili. Mimi nilikuwa miguuni. Nilibonyeza unyayo, damu haikurudi, nikakuitikia kwa kichwa, tukaanza. Nilikuwa naimba. Wewe ulikuwa kichwani, umemshika shingo kwa mikono miwili. Nakumbuka uliacha kuimba ghafla, ukanitazama, kisha ukaendelea. Tulizika kabla ya jua kuchwa.

Tangu siku hiyo, dada, hujaosha maiti tena. Ulisema ni mgongo. Akina mama wa kigango walikusema, na mimi niliwasaidia kukusema, nikidhani unavimba kichwa. Lakini mgongo huo unalima, unabeba kuni, unatwanga. Nimeufikiria mgongo wako tangu juzi.

Niambie mikono yako ilisikia nini. Ikiwa shingo ilikuwa baridi, nitakwenda Biharamulo. Ikiwa haikuwa baridi, nitakwenda vilevile, maana nikirudi nyumbani nitakuwa napita kila siku pale kando ya migomba tulipomlaza, na sitaweza. Nimesema jibu lako litaamua, nikadanganya. Nimeshaamua tangu nianze kuandika. Ninachotaka ni usiendelee kulibeba jambo hili peke yako miaka yote hii, mimi nikikucheka.

Nisalimie shemeji, mwambie kicheko chake nimekisamehe. Wasalimie watoto wote mmoja mmoja, na jirani yetu Anjelika, na akina mama wa kigango. Waambie wakiitwa kwenye msiba wa kuhara, wamtafute kwanza mtu mwenye kipimo cha masikioni, hata kama ni mbali, hata kama wenye maiti watakasirika. Waambie ni mimi niliyesema.

Ukishindwa kuandika, usiandike. Mpe Faustini karatasi tupu anirudishie, nami nitaelewa kwamba mama alitusikia.

Mdogo wako akupendaye,
Zita